Escudo ya samaki: nitoe dramu za nyuma nitie diski?

Dereva wa Tumbe:

Assalaam alaykum wenzangu.

Nna Suzuki Escudo ya milango mitano, ya mwaka 1996, injini 1600, gia za mkono. Kazi yake ni samaki. Nawachukua Tumbe, kaskazini ya Pemba, nawashusha Chake, na siku za meli nafika nao mpaka Mkoani. Breki za mbele ni diski, sahani inayobanwa na pedi, za nyuma dramu, lile kopo ambalo shuu zinalisukuma kutoka ndani, hivyo hivyo ilivyotoka Japani. Nipo nayo mwaka wa sita na sikuwahi kuiogopa mpaka mwezi uliopita.

Siku za bamvua maji hutoka mbali sana, na wachukuzi hawakubali kubeba madeli umbali wote ule. Kwa hiyo nateremka na gari mpaka kwenye mchanga mgumu, na mara nyengine nasubiri mashua huku magurudumu ya nyuma yamo majini nusu rimu. Nikitoka hapo breki si breki tena. Pedeli inazama, nikipampu mara mbili ndipo inakamata, na ikikamata gari inanivuta kushoto. Nyuma kunasaga, ule mlio wa mchanga baina ya chuma na chuma. Nikishafika Konde inakuwa afadhali kidogo.

Jumatano moja nateremka Mkoani kwenda bandarini, nyuma nna madeli matano ya jodari na barafu. Mtoto wa skuli akakatiza barabara, begi liko mgongoni, wala hakutazama. Nikakanyaga, pedeli ikaenda mpaka sakafuni. Nikapampu, nikavuta hendibreki, nikaingiza gia ya pili kwa nguvu mpaka injini ikalia. Gari ikasimama, baina yake na yule mtoto hazikubaki hatua tatu. Yeye akaendelea na safari yake. Mimi nilizima gari pale pale nikakaa, mikono inatetemeka, meli inapiga honi na funguo siwezi kuizungusha.

Fundi wangu wa Konde anasema dawa ni kuzitoa dramu zote mbili na kutia diski. Anasema diski haikai maji wala mchanga. Anazo diski na kalipa, zile zinazoshika pedi na kuibana diski, zilizotolewa kwenye gari nyengine, pleti za kushikia atachonga mwenyewe. Anataka laki nane na nusu, spea na kazi. Pesa ninayo, niliiweka kutoka karafuu za msimu uliopita.

Nauliza kwa aliyewahi kufanya hivi kwenye Escudo au gari yoyote yenye ekseli nzima nyuma, ile moja inayoshika magurudumu yote mawili. Hendibreki inakuaje? Masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga, ile ile inatosha? Na chumvi yetu hii itazifanya nini hizo diski?

Bint Chake:

Wa alaykum salaam. Pole sana kaka, na mtoto wa watu Mungu kamuweka.

Mimi si fundi, naendesha Probox tu kwenda skuli na kurudi. Lakini nimesoma maneno yako mara mbili na sijaona uliposema kuwa dramu zimefunguliwa. Fundi ameona ndani kuna nini? Yangu ilianza hivyo hivyo, pedeli kuzama, na watu wakaniambia nibadilishe masta silinda. Ilipofunguliwa ikaonekana raba ya silinda ndogo ya gurudumu la nyuma imepasuka, mafuta yote yamemwagikia ndani ya dramu. Spea yenyewe inaingia katika kiganja cha mkono.

Na tafadhali, usiteremke Mkoani tena na gari hiyo mpaka ijulikane ina nini. Samaki watapata gari nyengine.

Jimny ya Mkoani:

Ndugu yangu, mimi nimefanya. Si Escudo, ni Jimny ya 2003, lakini nyuma ni ekseli nzima na dramu kama wewe, na matundu matano ya rimu yaliyopangwa kwenye duara ya milimita 139.7 kama ya Escudo yako. Nitakueleza yote yaliyonikuta maana nilipokuwa natafuta mtu wa kuniambia sikumpata.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutoa ekseli shafti pande zote mbili, kwa sababu ile sahani ya nyuma inayobeba shuu imekaa nyuma ya beringi, na beringi imeshindiliwa na ringi yake. Ukitaka sahani itoke lazima beringi itoke, na ikitoka isirudishwe ile ile. Andaa beringi mpya na sili mpya za mafuta ya difu kabla hujaanza. Mimi sikuandaa, gari ikakaa juu ya magogo siku kumi na moja nikisubiri mzigo kutoka Dar, Gerezani.

Pleti zilichongwa kwa chuma cha milimita 10. Tundu la kati la diski likakerezwa ili likae kamili juu ya habu, kile kitovu gurudumu linapofungwa. Hapo usikubali kukisia, diski ikikaa pembeni hata kidogo usukani na pedeli vitatetemeka. Rimu zangu za zamani zikagusa kalipa, nikalazimika kutafuta nyengine.

Tukafunga kila kitu, tukatoa upepo kwenye mabomba ya breki kupitia nipeli, zile tundu ndogo za kalipa, pedeli laini kama sponji. Tukatoa tena. Tukamaliza chupa mbili za mafuta ya breki. Siku ya pili jioni akapita mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za magari ya serikali, akainama akatazama kwa tochi, akauliza: "Mbona nipeli zinatazama chini?" Kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto na ya kushoto kulia. Upepo siku zote hupanda juu, sasa nipeli ikiwa chini, utatoa mafuta mpaka yaishe na ile hewa imekaa pale juu ya pistoni inakutazama. Tukabadilisha upande, dakika ishirini pedeli ikawa ngumu.

Breki ikawa nzuri, sitaki kukudanganya. Nikitoka kwenye maji, mikanyago miwili mitatu imeshakauka. Mlio wa mchanga umekwisha.

Lakini kuna mawili. Kwanza, mvua za masika zilipoanza, nilikanyaga kwenye kona gari ikiwa tupu, magurudumu ya nyuma yakafunga, yaani yakaacha kuzunguka, kabla ya ya mbele, gari ikageuka ikatazama nilikotoka. Hapakuwa na gari nyengine, alhamdulillahi. Pili, hendibreki. Kalipa nilizopata zina mkono wa waya wa hendibreki, lakini mvuto wa waya wa Jimny haukulingana nao. Nikiegesha katika foleni ya meli pale mteremkoni lazima niweke jiwe. Mwaka wa pili mmoja wa mikono ile umeganda kwa kutu, hauendi wala haurudi.

Fundi wa Mwanakwerekwe:

Assalaam alaykum. Nimeanza kazi ya breki nikiwa kijana Unguja hapa, na sehemu kubwa ya gari ninazofungua ni za pwani, kwa hiyo chumvi naijua. Mwanangu wa Tumbe, nisikilize taratibu.

Maji hayashushi pedeli.

Shuu zikirowa, unakanyaga na mguu unagota juu kama kawaida, pedeli ngumu, ila gari inaendelea kuteleza kama hukukanyaga kitu. Hayo ndiyo ya maji. Pedeli ikizama ni habari nyengine kabisa. Ama shuu zimekaa mbali na dramu, ama mna upepo ndani ya mabomba, ama mafuta yanavuja pahala, ama raba za ndani ya masta silinda zimechoka. Wewe unazo shida mbili zinakuja siku moja, na kwa kuwa zote unaziona ukitoka baharini, bahari ndiyo unayoilaumu. Diski zitakutibu ile moja. Ile iliyokaribia kumgonga mtoto itabaki na wewe, na diski zako mpya.

Masta silinda yako ina vyumba viwili, kimoja kinalisha mbele, kimoja kinalisha nyuma. Imeundwa hivyo makusudi ili upande mmoja ukifa mwengine ubaki. Chumba cha nyuma kikikosa presha, pistoni yake inakwenda bure mpaka igote, na huo ndio mwendo ulioupata mguu wako mpaka sakafuni. Baada ya hapo mbele ikakamata. Baada ya Mungu, mtoto yule ameokolewa na diski za mbele na ile gia ya pili uliyoingiza. Nyuma hukuwa na kitu. Na hiyo ya gari kuvuta kushoto inaniambia kuwa nyuma kulia ndiko kulikokufa zaidi. Anzia hapo.

Fungua leo. Weka kabari magurudumu ya mbele, pandisha kwa jeki, kisha tia stendi au gogo zima, usiingie chini ya gari iliyosimama juu ya jeki peke yake. Achia hendibreki. Dramu ikigoma usiipige nyundo pembeni, itapasuka. Ina matundu mawili madogo yenye nyuzi, tia bolti mbili, kaza hii kidogo na hii kidogo, itajisukuma yenyewe. Ikitoka, lile vumbi jeusi usilipulize kwa upepo wala kwa mdomo. Shuu za zamani nyengine zilitengenezwa kwa asbesto na vumbi lake linaua mapafu pole pole. Mwagia maji ya sabuni, futa kwa tambara, tambara litupe.

Sasa nyanyua kwa kucha ukingo wa ile raba ya silinda, huku na huku. Pakiwa pakavu, silinda ni nzima. Pakitoka hata tone, silinda imekwisha. Halafu tazama ajasta, kile kijiti chenye nyota baina ya shuu. Kazi yake ni kuzisogeza shuu karibu na dramu kila zinapolika. Ijaribu kwa mkono. Gari ya pwani naijua, mara nyingi utaikuta imeganda, na hapo kila mwezi shuu zinazidi kuwa mbali na pedeli inazidi kushuka, kidogo kidogo mpaka mwenyewe unazoea. Mwisho pima dramu. Kipimo cha mwisho kimeandikwa kwenye chuma chenyewe, na baina yake na dramu mpya mara nyingi hakuzidi milimita 2. Ikipita hapo haikerezwi, inatupwa.

Nirudi kwenye diski, maana umeuliza kwa heshima na unastahili jibu.

Shuu ina siri moja ambayo pedi hainayo. Ile ya mbele ikishagusa dramu, mzunguko wa dramu wenyewe unaivuta izidi kujibana. Ndiyo maana dramu inasimamisha kwa presha ndogo, na ndiyo maana hendibreki ya dramu inashika vizuri kwa mkono wa mtu. Diski haina msaada huo. Pedi inabanwa na mafuta tu. Kwa hiyo kalipa inapewa pistoni kubwa, na pistoni kubwa inakunywa mafuta mengi zaidi kila ukikanyaga. Masta iliyopimwa kwa silinda ndogo za dramu inaweza isitoshe, pedeli ikawa ndefu. Ukitia masta nene zaidi mafuta yanatosha lakini mguu unakuwa mzito, kwa sababu nguvu ile ile sasa imetandazwa kwenye eneo kubwa. Haya yanapimwa. Kalipa na masta lazima zijuane.

Halafu kuna mgao wa mbele na nyuma, na hapo ndipo kijana wa Jimny alipogeuzwa. Ukikanyaga breki gari inainama mbele, nyuma kunabaki kwepesi, na gurudumu jepesi hufunga haraka. Lililofunga halishiki tena njia, na mkia unataka kupita mbele. Kwa Escudo yako ingia chini, tazama karibu na difu: utaona valvu yenye mkono na springi iliyoshikana na ekseli, kama bado ipo. Gari ikiwa tupu inapunguza presha inayokwenda nyuma, ikijaa madeli ikashuka inaruhusu zaidi. Imepangwa kwa dramu. Ukitia diski inabidi ipangwe upya au itiwe nyengine ya kurekebisha kwa mkono, na wewe unakwenda na mzigo na unarudi mtupu, kila siku. Gari isiyobadilika uzito ingenisumbua kidogo. Yako inanisumbua sana.

Na chumvi. Ni kweli diski inakauka upesi na mchanga hautulii juu yake. Uso wake ukipata kutu ya usiku mmoja, pedi zinaifuta asubuhi. Shida haiko kwenye uso. Iko kwenye pini ambazo kalipa inateleza juu yake. Raba ya vumbi ikipasuka maji ya bahari yanaingia, pini inaganda, kalipa haitelezi tena, na pedi ya ndani inalika mpaka chuma huku ya nje ni mpya. Na mkono wa hendibreki ndani ya kalipa ndio wa mwanzo kuganda, kama mwenzetu alivyoona. Kalipa hizo hata kurudisha pistoni hausukumi, unaizungusha kwa kifaa chake. Je, fundi wa Konde anacho?

Muulize pia kalipa na diski zimetoka gari gani. Akikwambia za Escudo mpya, zile zilizoanza 2005, mwambie ahsante. Zile matundu yake yako kwenye duara ya milimita 114.3, na nyuma hazina ekseli nzima, kila gurudumu lina mkono wake. Hazikai kwako.

Ukishajibu haya yote na bado unataka diski, mimi mwenyewe nitakuchorea pleti. Lakini kwanza fungua dramu.

Dereva wa Tumbe:

Ami, Mungu akulipe. Na dada wa Chake, wewe ndiye uliyeniuliza la maana kuliko wote na mimi sikuwa na jibu.

Nimefungua leo na mtoto wa dada yangu, uani kwetu, chini ya mwembe. Upande wa kulia dramu iligoma, nikafanya kama ulivyosema na bolti mbili, zamu hii kidogo zamu hii kidogo. Ilitoka na sauti ya kunyonya, kama mguu unapochomoka kwenye tope la mikoko. Ndani mlikuwa na uji mweusi. Mchanga, vumbi la shuu na mafuta ya breki vimechanganyika vimekuwa kitu kimoja, nilikichota kwa kijiko. Nikanyanyua raba ya silinda kwa kucha, halikutoka tone, kilitoka kijito.

Ajasta imeganda pande zote mbili. Ile ya kulia niliitia mafuta tokea asubuhi, nikaishika kwa koleo baada ya adhuhuri, haikusogea hata jino moja. Kushoto shuu zimelika lakini ni kavu. Dramu ya kulia ina ukingo ndani, kidole kinagota kama kwenye kizingiti cha mlango, na nilipompelekea mtu mwenye kipimo cha kupimia akasema imepita ile namba iliyoandikwa kwa karibu milimita moja. Ya kushoto bado ipo ndani ya kipimo.

Valvu ya mzigo ipo. Mkono wake umeshikwa na kutu, springi inavuta na mkono hautikisiki. Na mafuta ya breki kwenye chupa yake yana rangi ya kahawa. Sikumbuki kuyabadilisha hata mara moja tangu niinunue. Nimekuwa naongeza tu yakipungua, na sikuwahi kujiuliza yanakwenda wapi.

Hilo la mwisho ndilo lililonikaa moyoni. Nimeongeza chupa kama nne mwaka huu. Yalikuwa yananiambia.

Nianze wapi?

Fundi wa Mwanakwerekwe:

Anza na silinda mbili mpya, kulia na kushoto, usitie moja. Shuu seti nzima, pande zote mbili. Dramu ya kulia tafuta nyengine, na ya kushoto ikerezwe kidogo tu kuondoa mikwaruzo kama kipimo kinaruhusu. Ajasta mpya ukizipata. Ukizikosa, zitie moto, zifungue, safisha nyuzi kwa brashi ya waya, paka grisi ya breki inayostahimili joto. Grisi ya beringi ikiyeyuka itamwagikia shuu.

Valvu ya mzigo isiguswe kwa nyundo. Itie mafuta ya kulainisha kutu siku mbili, mkono ukitikisika vizuri na isipovuja, iache. Ikivuja tafuta nyengine. Usikubali mtu akwambie aiondoe aunganishe bomba moja kwa moja.

Mafuta ya zamani yatoe yote. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya visiwani unaijua. DOT ni daraja la mafuta ya breki. DOT 3 mpya huchemka kuanzia 205°C, ikishanywa maji inashuka mpaka kwenye 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishanywa. Mteremko mrefu na mzigo yanachemka, yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Soma kifuniko, tia kinachoandikwa pale, chupa iliyofungwa, si iliyobaki ya mwaka jana. Toa upepo kuanzia gurudumu la mbali na masta, kisha la karibu.

Ukimaliza, tafuta uwanja tambarare usio na watu. Kimbiza 40, kanyaga kwa nguvu, mtu asimame nje atazame gurudumu gani linafunga mwanzo. Lazima liwe la mbele. Jaribu gari tupu, halafu jaribu na madeli yaliyojaa maji.

Jimny ya Mkoani:

Ami, na mimi je? Nifanyeje na Jimny?

Fundi wa Mwanakwerekwe:

Wewe umeshavuka, mwanangu, hakuna haja ya kurudi. Tafuta valvu ya kugawa presha ya kurekebisha kwa mkono, ifungwe kwenye bomba la nyuma, upunguze nyuma mpaka mbele itangulie kufunga. Mpaka hapo mvua ikinyesha nenda pole pole sana. Kalipa iliyoganda ifungue, badilisha raba za vumbi, pini zisafishwe na zitiwe grisi ya silikoni. Na hilo jiwe lako la bandarini endelea nalo. Ukija Unguja nipitie, nitautazama waya, mara nyengine ni kubadilisha urefu wa mkono unaouvuta.

Dereva wa Tumbe:

Assalaam alaykum, narudi na habari baada ya wiki tatu.

Silinda na shuu nilizipata Chake. Dramu moja iliyotumika lakini nzima ilinijia na meli kutoka Dar. Ajasta sikuzipata, tumezitia moto zikafunguka, sasa nyota inazunguka kwa kidole. Valvu ya mzigo ililainika siku ya pili na haikuvuja. Pesa zote, pamoja na mafuta na chai ya mpwa wangu, hazikufika nusu ya zile laki nane na nusu.

Nilimwendea fundi wa Konde nikamuuliza gari gani. Akaenda nyuma akaileta diski, tukaiweka juu ya habu yangu mimi na yeye. Matundu hayakulingana. Na kalipa hazikuwa na mkono wa hendibreki kabisa. Hakubisha, alikaa kimya akaigeuza ile diski mkononi, kisha akaniambia alikuwa atoboe matundu mapya baina ya yale ya zamani. Ni mtu mwema na nimekuwa naye miaka, injini yangu ameishika yeye na haijanisumbua. Nimempa kazi ya kukereza dramu ya kushoto.

Nimejaribu uwanjani asubuhi mapema, gari tupu kisha na madeli manne yaliyojaa maji. Mpwa wangu akatazama. Mbele inafunga mwanzo zote mbili, na gari inakwenda sawa, haivuti kushoto tena. Pedeli inagota juu, ngumu, mara ya mwanzo tu niliiogopa nikadhani kuna kitu kimeziba.

Mchangani sasa siingii majini. Nimekubaliana na wachukuzi wanne, naongeza malipo siku za bamvua, gari inasimama kwenye mchanga mkavu. Nikirudi nyumbani namwagia maji ya kisima nyuma ya magurudumu yote, ndoo mbili kila moja, halafu nazunguka mtaani nikigusa breki kidogo kidogo mpaka zikauke ndipo naegesha. Diski bado nazitaka, ami, siku moja, na pleti utanichorea wewe. Lakini si mwaka huu.

Jumatano iliyopita nimeteremka tena Mkoani, madeli manne, mvua ya rasharasha. Pale pale palipotokea lile jambo nilisimamisha gari pembeni, nikatoa gia, nikavuta hendibreki, nikanyanyua mguu kwenye pedeli. Nikahesabu mpaka mia. Haikusogea.